Urithi Usiogawanyika

Barabara ya Mgeta haina huruma na gari legelege. Ukiiacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, ukazipita Mzumbe na Mlali, unaanza kupanda Milima ya Uluguru kwa kona zinazofuatana, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili bonde. Masika ikiingia, kuanzia Machi hadi Mei, udongo huo unakuwa utelezi mtupu. Na huko juu, Langali na Nyandira, watu wanalima kabichi, karoti, njegere, viazi mviringo, plamu na pichi, mazao yasiyojua kusubiri. Lazima yashuke Morogoro mjini, na mengine yafike Dar es Salaam, kabla hayajanyauka. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na Land Rover. Moja kati ya hizo ilikuwa ya baba yangu.

Ilikuwa Series III, ile ndefu ambayo mafundi huiita 109 kwa sababu ya inchi 109 zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Aina hiyo ilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, na ya baba ilikuwa na injini ya petroli ya silinda nne, cc 2,286. Aliinunua mnadani mwishoni mwa miaka ya 1980 ikiwa imeshachoka katika utumishi wa umma, akaipa maisha mengine ya kubeba mboga, wagonjwa, maharusi na majeneza. Alipofariki aliiacha chini ya mwembe uani kwetu Mafiga, haijatembea kwa miaka, matairi yamezama ardhini. Naandika jinsi tulivyoifufua kwa sababu imenifundisha jambo ambalo natamani kila familia yenye msiba ilijue kabla ya kikao cha mirathi: mali isiyogawanyika inaweza kuwa na baraka kuliko ile inayogawanyika.

Nimesoma habari za familia za Marekani zinazofufua Ford Mustang au Pontiac GTO za miaka ya 1960 zilizoachwa na baba zao, magari ya injini za V8 yaliyoundwa kwa ajili ya mwendo. Nawaelewa vizuri. Nguvu wanayoitafuta ni ya barabara iliyonyooka. Tuliyoitafuta sisi ni ya kupanda mlima na magunia ya viazi nyuma, taratibu, mtoto akikimbia pembeni bila kuachwa. Lakini wao na sisi tunaanzia mahali pamoja, kwenye chombo kilichozoea mkono wa mtu ambaye hayupo tena.

Siku ya msiba watani wa ukoo walipanda juu ya boneti, wakatangaza kwamba gari ni lao na jeneza halitoki uani mpaka walipwe. Tuliwalipa, watu wakacheka huku wanalia, maana hiyo ndiyo kazi ya utani. Tukampeleka Mgeta, tukamzika. Baada ya arobaini swali likarudi, safari hii bila utani: gari ni la nani?

Kwetu Waluguru swali hilo halina jibu jepesi. Sisi tunafuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ardhi ya ukoo inapita kwa wanawake, na kwa desturi ya zamani mwanamume akifariki wanaotazamwa kwanza ni watoto wa dada zake. Shamba alilolilima baba kule juu lilikuwa la ukoo wake, likarudi kwa shangazi na wanawe, na hakuna aliyenung'unika, kwa kuwa sisi watoto tunayo ardhi yetu upande wa mama. Gari lilikuwa jambo jingine. Baba alilinunua kwa jasho lake. Mama aliuza kabichi sokoni ili lipate mafuta. Binamu yangu mkubwa, mtoto wa shangazi, alikuwa utingo wake tangu akiwa kijana mdogo, akalala juu ya magunia, akasukuma kwenye matope, akabadili matairi usiku. Kila mtu kwenye kile kikao alikuwa na haki ya kusema "letu".

Kaka yangu alikuja na hesabu. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wameshapita, wametaja bei yao. Yuko pia mtu aliyetaka bodi peke yake, na mwingine aliyetaka difu. Tuuze, alisema, tugawane, kila mtu aendelee na maisha yake. Halikuwa wazo baya. Ndilo linalochaguliwa na familia nyingi, na mara nyingi ndilo linaloepusha ugomvi.

Shangazi alikaa kimya hadi mwisho. Kisha akasema, "Shamba unalipima kwa hatua, kila mtu anapata lake na linabaki kuwa shamba. Hili mkiligawa hamtapata magari matano. Mtapata vyuma."

"Sasa tufanye nini, Shangazi?" kaka aliuliza.

"Litengenezeni. Likishatembea ndiyo mje tuseme ni la nani."

Kabla ya kushika spana tulimaliza mambo ya sheria, na nashauri kila mtu aanzie hapo. Kikao cha familia kilimpendekeza mama kuwa msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao na cheti cha kifo vikapelekwa Mahakama ya Mwanzo, mahakama ikamthibitisha. Bila hati hiyo huwezi kubadilisha jina la mmiliki TRA, na chochote unachotumia kwenye gari la marehemu unakitumia kwenye mali ambayo kesho mtu anaweza kuja kuidai. Dada yangu anayefanya kazi Dodoma akapewa kuandika michango. Mali bila daftari huisha bila habari, na fedha za ndugu ndizo zinazoisha kimya kimya kuliko zote.

Fundi wetu alikuwa mzee wa Mwembesongo aliyewahi kushindana na baba kwa maneno na kumsaidia kwa vitendo kwa nusu ya maisha yao. Alipofika hakufungua boneti. Alilala chini ya gari na nyundo ndogo, akaanza kuigonga chesesi kuanzia mbele, hatua kwa hatua, akisikiliza. Penye chuma kizima ililia kwa sauti kali. Alipofika kwenye boriti ya nyuma ikasema "pu", na vumbi la kahawia likamwagika kifuani mwake. Akaweka alama ya chaki, akasogea. Alipotoka alikuwa ameshajua kila mahali patakapokatwa na kuchomelewa bati jipya, na injini alikuwa hajaitazama.

Alitueleza kwa nini bodi ilikuwa nzima wakati chini kumeoza. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, wakati Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa vibali baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa alumini, na chuma kikabaki kwenye chesesi na sehemu chache nyingine. Alumini haishiki kutu. Lakini mahali inapogusana na chuma penye unyevu, yenyewe ndiyo inayoanza kulika, inageuka unga mweupe pembeni mwa riveti. Baba alijua hilo. Tulikuta ameingiza vipande vya mpira kati ya metali hizo mbili kila alipoweza kufika.

Hapo ndipo kazi ilipoacha kuwa matengenezo ya gari peke yake. Kadiri tulivyofungua ndivyo tulivyozidi kukutana na mikono ya baba. Bushi za springi alikuwa amezichonga kwa kisu kutoka kwenye tairi kuukuu, pande zote mbili zikiwa sawasawa. Gasketi ya kifuniko cha tapeti ilikuwa imekatwa kwenye mpira wa tyubu, matundu yake yametobolewa kwa ustadi kiasi kwamba fundi aliishikilia juani na kuizungusha. "Angalia mkono wa mzee," alisema. "Hakuna mahali amepasua."

Ustadi ule ulizaliwa na miaka ya shida. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, Vita vya Kagera vikafuata mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta duniani ikapanda, fedha za kigeni zikakauka. Waliokuwa wakubwa wakati huo wanakumbuka magari binafsi yalivyokatazwa kutembea alasiri za Jumapili ili kuokoa mafuta. Spea ikawa kitu cha kusimuliwa. Baba, wakati huo dereva wa magari ya watu, alijifunza kwamba gari lililosimama kwa kukosa bushi linaweza kusimama mwaka mzima, na kwamba anayejua kuchonga bushi hasimami. Vijana wa leo tunaagiza kifaa kwa simu. Vya kwetu vilitoka Arusha, ambako biashara ya utalii imefanya Land Rover na spea zake ziendelee kuishi, vikashushwa na mabasi stendi ya Msamvu. Nashukuru kwa urahisi huo. Hata hivyo, nilipoishika ile bushi ya tairi nilielewa kwamba baba hakuwahi kuliona gari kuwa kitu kinachonunuliwa mara moja. Kwake umiliki ulikuwa kazi ya kila wiki.

Na hakuandika chochote. Hapakuwa na daftari wala kitabu cha matengenezo. Kila alichokijua kuhusu gari lile alikuwa amekiacha ndani ya watu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nacho chote.

Binamu alijua tabia zake barabarani. Alijua kwamba wakati wa kiangazi, ukianza kupanda baada ya Mlali, petroli huchemka ndani ya pampu ikawa mvuke na injini ikakatika, na kwamba baba alikuwa akifunga kitambaa kilicholowa maji kwenye pampu kabla ya kilima cha kwanza. Fundi alijua historia ya injini, ilipopigwa bori mara ya mwisho na pistoni za saizi gani zilizowekwa, na hilo likatusaidia sana tulipoipeleka silinda bloki kwenye karakana ya kuchonga vyuma. Sisi watoto tulikuwa na kipande chetu pia. Tulipokuwa wadogo baba alikuwa akitupandisha ngazi kwa kuhesabu, "moja, tatu, nne, mbili", nasi tuliimba hivyo hivyo tukidhani ni mchezo wake. Ulikuwa mpangilio wa kuwaka kwa silinda za injini ile. Siku ya kuunganisha waya za plagi, mtoto wa kaka yangu alishika waya moja moja huku sisi wakubwa tukiimba, na kila waya ikaenda mahali pake.

Mama alikuwa na sikio. Injini ilipowaka mara ya kwanza baada ya kufungwa upya, tulipiga makofi, yeye akatikisa kichwa. "Hiyo siyo sauti yake," alisema. Fundi akamweleza kwa heshima kwamba injini mpya huwa na sauti tofauti. Mama akasisitiza kwamba upande wa mbele kuna kitu kinagonga, kidogo, kinakuja na kuondoka. Fundi akafungua kifuniko, akapitisha fila kwenye tapeti moja baada ya nyingine, akakuta ya kwanza imelegea kupita kipimo. Akaikaza, akawasha. Mama akasikiliza, akaingia ndani kupika. Kuanzia siku hiyo fundi hakufunga kitu bila kumwita.

Ugomvi ulikuwepo, na ulikuwa wa fedha. Kaka alitoa kiasi kikubwa kuliko wengine na akawa anataka daftari lionyeshe asilimia ya kila mtu, ili kesho likiuzwa ijulikane nani anachukua nini. Binamu hakuwa na fedha. Alikuwa na kila Jumamosi yake, kuanzia asubuhi mpaka giza, mgongo chini ya gari. Kwenye daftari la dada jina lake lilikuwa na mstari mtupu. Siku moja aliuona mstari ule, akaweka spana chini, akaondoka, na wiki iliyofuata hakuja.

Shangazi hakumtetea mwanawe. Alimwambia kaka tu kwamba marehemu alimlipia binamu karo ya shule kwa miaka yote ya utingo, na hakuwahi kuita karo ile mshahara wala msaada. Waliishi bila kupimana. "Na wewe," alimwambia, "hicho kiti ulichokaa ukienda shule, nani alikuwa anakifuta matope?" Kaka alifunga safari mwenyewe hadi Mzinga anakoishi binamu. Waliyozungumza sijui. Dada alipiga mstari ukurasa mzima, akaanza safu mpya yenye vichwa viwili, fedha na siku, bila kuweka bei ya siku. Mpaka leo daftari linaandikwa hivyo. Kaka na binamu, ambao tangu utotoni walisalimiana kwa adabu tu, ndio sasa wanaopigiana simu kwanza gari likipata hitilafu.

Kama tungeuza lile gari kwa kilo, wasingekuwa na sababu ya kupigiana simu. Kila mmoja angechukua bahasha yake, tungeonana kwenye harusi na misiba. Fedha ikigawanywa sawasawa inawaachia watu uhuru wa kuachana, na wakati mwingine uhuru huo unahitajika. Kitu kisichogawanyika kinawalazimisha kurudi mezani, wakasirike, wasuluhishwe, warudi tena. Baba alipokuwa hai yeye ndiye aliyetukusanya. Alipoondoka kilihitajika kitu kingine cha kufanya kazi hiyo, na kilikuwepo uani muda wote.

Baba alikuwa na kanuni moja ambayo fundi aliifuata bila kuulizwa: gari lisitembezwe hata hatua moja kabla breki hazijakamilika. Morogoro ni mji unaojua barabara inaweza kuchukua nini. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, mmoja wa waliolifikisha mbali jina la mji huu kwa muziki, alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyevuma na Morogoro Jazz kisha akaunda Super Volcano, alikufa kwa ajali Mombasa mwezi Januari 1979. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine, akitokea Dodoma, alifariki kwa ajali pale Dakawa, na chuo kikuu chetu cha kilimo kinabeba jina lake. Watu wa umri wa baba waliyabeba majina hayo kila waliposhika usukani.

Kutoa upepo kwenye breki kunataka watu wawili wanaoelewana. Mama alikaa kiti cha dereva kwa mara ya kwanza maishani mwake. Binamu alilala chini, gurudumu la nyuma, lile lililo mbali zaidi na masta silinda, mpira mwembamba umechomekwa kwenye nipo na ncha yake imezama kwenye chupa yenye mafuta ya breki.

"Kanyaga, Mama."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo hapo." Akalegeza nipo, mapovu yakapanda kwenye chupa, akakaza. "Achia. Kanyaga tena."

Waliendelea hivyo gurudumu hadi gurudumu, mpaka chupa ikatulia bila povu na mama akasema pedali imekuwa ngumu. Alishuka, akauliza kama kila gari hufanyiwa hivyo. Alipoambiwa ndiyo, alitaka kujua kwa nini katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwita. Leo wajukuu wa kike wa nyumba ile ndio wa kwanza kupewa spana, kwa amri yake.

Suala la mwisho lilikuwa mwonekano. Kaka alitaka gari liwe jipya kabisa, linyooshwe, lipigwe rangi ing'ae. Tulipokwangua tulikuta rangi juu ya rangi: kijani aliyoipaka baba, chini yake kijivu ya enzi za utumishi, chini kabisa bluu ambayo hakuna aliyeikumbuka. Tuliamua hivi: kila kinachohusu usalama na nguvu kiwe kipya au kama kipya, bila kubembelezana. Kila kilichoachwa na kazi kibaki. Chesesi ikachomelewa, springi zikapata majani mapya, waya zote za umeme zikabadilishwa. Lakini ukingo wa mlango wa nyuma, ambao matenga ya karoti yaliusugua kwa miaka mpaka ukang'aa na kupinda kidogo katikati, tuliuacha. Rangi ikarudi kijani ya baba. Ile bushi ya tairi tuliivua, kwa sababu springi si mahali pa kumbukumbu, na mama anayo ndani.

Nadhani hapo familia nyingi zinateleza, kwa magari na hata kwa nyumba za wazazi. Wengine hawagusi chochote kwa kumheshimu marehemu, paa linavuja mpaka linaanguka. Wengine wanabomoa kila kitu na kujenga upya, na mjukuu anakua bila kuona alama yoyote ya mtu aliyekuwepo. Heshima ina kazi ngumu zaidi ya kuchagua, na kuchagua vizuri kunahitaji wale wote waliomjua marehemu wawepo.

Tulipanda Nyandira mwezi Juni, mvua zikiwa zimekatika. Binamu aliendesha, mama pembeni yake, shangazi na sisi wengine nyuma kwenye benchi. Kwenye Land Rover ile, kando ya gia ya kawaida, kuna vishikio viwili vifupi. Cha manjano ukikibonyeza kinaunganisha magurudumu ya mbele. Chekundu ukikivuta kinashusha gia zote kuwa nzito, magurudumu yote manne yanashika, na gari linapanda polepole lakini haligeuki nyuma. Kujua wakati wa kuvuta chekundu ndio udereva wenyewe wa milima ile. Ukichelewa, gari linazimika katikati ya kilima na mzigo unalivuta chini.

Mlali tulimpakia mama mmoja mfanyabiashara wa mboga aliyekuwa amesimama na matenga matupu. Alilitambua gari kabla hajatutambua sisi. Tulipokuwa tunakaribia kona moja kali, binamu alikuwa bado kwenye gia ya kawaida. Yule mama akagonga bodi kwa kiganja.

"Mwanangu, hapa mzee alikuwa anavuta chekundu."

Binamu alisimama, akavuta. Ile kona ilikuwa ndefu kuliko alivyoikumbuka, na baadaye alikiri kwamba kutoka juu ya magunia alikokuwa akikaa hakuwahi kuuona mkono wa mjomba wake ukishuka kwenye kile kishikio. Yule mama alikuwa akikaa kiti cha mbele, tenga la nyanya magotini, na aliuona mara nyingi. Kipande kile cha ujuzi wa baba kilihifadhiwa na abiria ambaye hata jina lake hatukulijua, na alitupa bure, kwa kuwa tulimpa nafasi ya kupanda.

Mwezi Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, magari mengi yakajitokeza. Watu walishangaa vyuma vya zamani vile bado vinatembea. Mimi niliwafikiria walio nyuma ya kila kimoja, mafundi, watingo, akina mama wenye masikio, wajomba na wapwa waliogombana na kupatana. Gari la umri ule halibaki barabarani kwa ubora wa kiwanda peke yake.

Shangazi alituuliza, kama alivyoahidi, gari ni la nani. Tulikubaliana kwamba litabaki kwa jina la mama, na halitauzwa mpaka pande zote mbili, watoto na wapwa, wakae na kukubali. Linabeba mazao ya familia kutoka Mgeta wakati wa mavuno na linapeleka ndugu kwenye shughuli. Kila Juni tunakutana kulifanyia sevisi, na anayekuja mikono mitupu anapewa spana.

Kwa hiyo nina ombi kwa yeyote aliyeachiwa kitu ambacho hakikatiki: gari, mashine ya kusaga, mashua, cherehani, duka la baba lenye jina lake mlangoni. Msianze na bei. Anzeni kwa kuuliza nani anajua nini kuhusu kitu hicho, mwiteni kila anayejua, hata kama si mrithi, kisha andikeni siku za kazi kwa heshima ile ile mnayoandikia fedha. Ikiwa baada ya hapo mtaamua kuuza, mtauza mkiwa bado ndugu.

Na kama mzazi wako yu hai, mhimize aandike wosia, lakini usiishie hapo. Nenda kwake mwishoni mwa wiki hii, umwombe akuonyeshe kile anachokijua yeye peke yake, na umchukue yule ndugu ambaye hamwelewani sana. Mali itafuata sheria na desturi, itamfikia mwenyewe hata akiwa mbali. Ujuzi unamfikia aliyekuwepo.